Katharine Hepburn hakufika Kigoma

Najua nimeadimika, msinitukane. Nilikuwa nyumbani Ujiji kwa mazoezi ya kufundisha, nimerudi kampasi juzi na mabegi mawili, moja la nguo na moja la dagaa na mawese. (Wenzangu wa chumbani, hilo la pili naona mnavyolizungukia.) Nimekuja pia na jambo ambalo limenikaa kichwani tangu niko kule, nikaona afadhali niliandike kabla mitihani haijatumeza.

Mtu aliyekulia Kigoma mjini anaijua hii habari. Ukishuka bandarini na mgeni, hasa mzungu mwenye begi mgongoni, hakosi mtu wa kumwambia kwamba Liemba, ile meli yetu kongwe, ilicheza sinema ya Hollywood pamoja na mwanamke mmoja maarufu sana wa Marekani. Mimi nimekua nayo hiyo habari. Mwaka wa kwanza hapa nilikuwa naringa nayo kabisa. Wa Dar wanaringa na maghorofa, wa Moshi wanaringa na mlima, mimi wa mwisho wa reli naringa na meli iliyocheza na mshindi wa Oscar.

Basi sinema yenyewe nimeitafuta. Inaitwa The African Queen. Nimeitazama mara tatu, na huyo mama, Katharine Hepburn, nimesoma kila nilichoweza kupata juu yake. Liemba haimo, hata kwa sekunde moja. Ziwa linaloonekana si letu. Na katika safari nzima ya kuitengeneza filamu ile, Kigoma hakufika. Jamani! Nimeringa miaka mitatu na kitu ambacho hakipo.

Lakini nilipoanza kumsoma sikuweza kuacha, kwa hiyo ngoja kwanza niwaeleze ni nani.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1907 mjini Hartford, jimbo la Connecticut. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake alikuwa mmoja wa wale wanawake waliopigania haki ya kupiga kura, kwa hiyo mtoto alikulia kwenye nyumba ambayo mwanamke kusema lake mezani halikuwa kosa. Mwaka 1921, akiwa na miaka 13, alimkuta kaka yake Tom amefariki, na inavyoonekana alijinyonga. Baada ya hapo, kwa miaka mingi sana, Katharine alikuwa akiwaambia watu kwamba amezaliwa tarehe 8 Novemba. Hiyo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya kaka yake. Ukweli aliuandika mwenyewe kwenye kitabu chake, Me, kilichotoka mwaka 1991, akiwa bibi wa zaidi ya miaka 80. Niliposoma hapo nilifunga laptopu nikatoka nje kidogo.

Alisoma chuo cha Bryn Mawr, akamaliza mwaka 1928. Masomo yake? Historia na falsafa. (Wana historia mpo? Tusikate tamaa.) Badala ya kwenda kushika chaki akaenda jukwaani, na mwaka 1932 akaanza filamu na kampuni ya RKO. Mwaka uliofuata tu akacheza Morning Glory, na hiyo ikampa Oscar ya kwanza. Alikuwa na miaka 26.

Baada ya hapo mambo yakaharibika. Filamu zake zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine. Watu walimwona anajisikia. Alikuwa anavaa suruali wakati ambao mwanamke wa sinema kuvaa suruali ilikuwa ni habari ya gazeti. Inasimuliwa kwamba studio waliwahi kumchukulia suruali yake chumbani ili avae sketi, naye akatoka akakatiza mbele za watu na nguo ya ndani mpaka wakamrudishia. Mwaka 1938 wenye majumba ya sinema wakatoa tangazo kwenye gazeti la biashara yao, wakiwataja waigizaji ambao ni sumu kwa mapato ya mlangoni, na jina lake likiwemo. Mwaka huohuo ilikuwa imetoka Bringing Up Baby, kichekesho chenye chui ndani, ambacho leo wajuzi wanakiweka kati ya vichekesho bora vya Hollywood. Wakati ule kilianguka vibaya. Studio wakampa filamu hafifu kama adhabu, yeye akalipa akajitoa kwenye mkataba na kurudi kwao.

Sasa hapa ndipo niliposema huyu mama ana akili. Mwandishi Philip Barry alimwandikia mchezo wa jukwaani, The Philadelphia Story. Mwaka 1939 ukaonyeshwa New York na kujaza watu. Haki za kuutengeneza filamu tayari zilikuwa mkononi mwake, tajiri Howard Hughes alikuwa amemnunulia. Kwa hiyo studio kubwa ya MGM ilipoutaka mchezo ikabidi waje kwake, na masharti yakawa yake: yeye ndiye acheze, na waigizaji wenzake na mwongozaji awe na sauti juu yao. Filamu ikatoka mwaka 1940, na sumu ikageuka asali.

Kuna mwenzake mmoja naomba nimtaje hapa japo nitatoka nje ya mada kidogo. Mwaka 1937 Hepburn alicheza filamu ya Stage Door, na kati ya wasichana wadogo wadogo wa mle ndani alikuwemo mmoja anaitwa Lucille Ball. Lucille kwenye sinema hakufika mbali sana, akaja kulipuka kwenye televisheni. Kichekesho chake, I Love Lucy, kilianza tarehe 15 Oktoba 1951, na alipopata ujauzito akaingia nao hivyohivyo kwenye mchezo, ingawa neno lenyewe la ujauzito kituo hakikutaka litamkwe hewani. Baadaye yeye na mume wake wakawa na kampuni yao, na mwaka 1957 ile kampuni ikanunua majengo ya RKO, palepale Hepburn alipowekwa kwenye kundi la sumu. Nikiwaza haya nawakumbuka akina Bi Hindu na Bi Mwenda tuliowatazama ITV enzi za Kaole. Tumewacheka na kuwapenda miaka yote ile, lakini ni wangapi humu tunaweza kutaja majina yao halisi bila kumuuliza mtu?

Haya, turudi. Mwaka 1951 Hepburn ana miaka 44. Kwa Hollywood ya wakati ule, mwanamke wa umri huo anaanza kupewa nafasi za mama wa mtu, au shangazi. Ndipo mtayarishaji Sam Spiegel na mwongozaji John Huston walipomletea riwaya ya Mwingereza C. S. Forester, iliyotoka mwaka 1935. Hadithi yenyewe fupi: mwaka 1914, koloni la Wajerumani Afrika Mashariki, mwanamke wa makamo anaishi misheni na kaka yake mchungaji. Wajerumani wanachoma kijiji, kaka anakufa. Mwanamke, Rose, anaondoka na mlevi mmoja mwenye boti bovu la mvuke, na ni yeye Rose anayetoa wazo la kushuka mto mpaka ziwani wakazamishe meli ya kivita ya Wajerumani. Mlevi alichezwa na Humphrey Bogart.

Wengine wangepiga filamu hiyo California na migomba ya plastiki. Huston alitaka Afrika yenyewe. Wakaenda kwanza Kongo ya Wabelgiji, mto Ruiki, upande wa Kisangani, halafu Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison na Butiaba kando ya Ziwa Albert. Yale maji ambayo tumekuwa tukiambiwa ni Tanganyika ni Ziwa Albert, na vipande vya watu kuingia majini vilipigwa kwenye tangi Uingereza.

Hepburn alikuja kuandika kitabu kizima kuhusu safari ile mwaka 1987. Siafu walivamia kambi. Boti lilizama usiku na kubidi liibuliwe. Na yeye aliugua sana. Kisa chenyewe kinachekesha kama hujawahi kuugua tumbo. Bogart na Huston walikuwa wanakunywa wiski asubuhi mpaka usiku, yeye akachukia, akasema atakunywa maji matupu ili wamwone. Maji yalikuwa machafu. Wanaume wawili wa wiski wakabaki wazima, yeye akapata kuhara damu. Kile kipande cha mwanzo, anapiga kinanda kanisani kwa uso wa uchamungu, alikuwa na ndoo pembeni nje ya kamera ya kutapikia.

Siku za mwanzo alikuwa anamcheza Rose kwa uso wa huzuni mtupu. Huston akamfuata, akamwambia amcheze kama Eleanor Roosevelt, mke wa rais, anapowatembelea wanajeshi waliojeruhiwa, yaani mtu mwenye uso mzito anayelazimisha tabasamu kwa ajili ya wengine. Hepburn alisema huo ndio ulikuwa uongozi bora kabisa aliowahi kupewa. Ukiitazama filamu baada ya kujua hilo unaliona tabasamu lenyewe, linakuja kama taa ya jenereta, linazimika, linarudi. Bogart alipata Oscar kwa filamu ile, ndiyo pekee maishani mwake. Hepburn aliteuliwa lakini akashindwa na Vivien Leigh. Hata hivyo ni Rose aliyemfungulia mlango wa pili. Mwanamke wa makamo, hana mume, ana mikunjo, na bado yeye ndiye anayeamua boti liende wapi.

Sasa upande wetu.

Meli iliyompa Forester wazo ni ya kweli na ilikuwa Kigoma. Iliitwa Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja kwa bahari mpaka Dar, ikapanda reli ya kati mpaka kwetu. Mafundi watatu wa Kijerumani walikuja nayo, lakini mafundi watatu hawawezi kuunga meli ya mita 71. Walioiunga Kigoma ni vibarua wa Kiafrika pamoja na mafundi wa Kihindi, ribiti kwa ribiti, na tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini.

Waingereza nao wakaleta boti mbili ndogo zenye majina ya kitoto, Mimi na Toutou. Zilitoka Cape Town kwa treni mpaka Katanga, halafu zikaburutwa nchi kavu kupita milimani, kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu waliokata miti na kujenga madaraja, mpaka zikafika ziwani ng'ambo ya pili. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 zikazamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Götzen hazikuigusa.

Kwenye filamu meli ya Wajerumani inalipuliwa kwa mabomu ya kutengeneza nyumbani, wazo la Rose. Kwa kweli Wajerumani waliizamisha wenyewe, tarehe 26 Julai 1916, karibu na mdomo wa Malagarasi, walipoona Wabelgiji wanakuja. Na kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo grisi nzito ili isioze. Walitegemea kurudi! Hawakurudi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina la Liemba. Nini kimepita juu ya ile meli baada ya hapo, ukianza kuhesabu huwezi kumaliza: magunia ya dagaa, maharusi, misiba, na mwaka 1997 wakimbizi wa Kongo wakirudishwa kwao kwa maelfu.

Na mto je? Kwenye hadithi wanashuka mto Ulanga mpaka ziwani. Mwanafunzi wa jiografia wa kidato cha pili anajua Ulanga uko Morogoro, unaingia Rufiji, unaishia Bahari ya Hindi. Ukipanda boti Ulanga kuja kupigana Tanganyika utajikuta unakula pweza.

Hayo ya mto nilikuwa nacheka nayo mpaka siku niliyowaonyesha vijana wangu wa kidato cha tatu. Tulikuwa na vipindi viwili mfululizo, nikaweka laptopu juu ya meza, wakabanana mbele, waliobaki wakapanda madawati. Mwanzo wanacheka, kanisani waumini wa Kiafrika wanaimba hovyo na mchungaji anatoka jasho. Kijiji kinachomwa. Halafu boti linaondoka. Baada ya kama nusu saa binti mmoja wa nyuma, ambaye huwa haongei, akanyoosha mkono.

"Madam, wale wa kijijini wameenda wapi?"

Nikasema tutaona mbele. Lakini nilikuwa nimeshaitazama, nilijua hatutaona. Wanatoweka. Isipokuwa askari wanaofyatua risasi kutoka kwenye ngome, filamu karibu yote iliyobaki ni wazungu wawili na mto. Vita ile iliyopiganwa kwa migongo ya wapagazi, upande wa Waingereza peke yake waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja. Dar mpaka leo tunaenda kununua viatu Kariakoo, na jina hilo limetokana na kikosi hicho cha wapagazi, tunalitamka kila siku. Kwenye filamu hawamo.

Nilirudi nyumbani nina hasira na huyo Hepburn, nusu nifute kila nilichoandika. Halafu nikajiuliza nina hasira naye kwa lipi? Kuandika hadithi hakuandika yeye. Kazi yake aliifanya, tena na ndoo pembeni. Tena Rose mwenyewe hakuwepo kwenye vita halisi, pale ziwani hakuna mwanamke wa Kizungu aliyetoa amri. Alitungwa ili hadithi iwe na mtu wa kumpenda, na Hepburn akamfanya apendeke kweli, hata mimi nampenda. Ndicho kinachoniuma. Kama angecheza vibaya, watu wangeisahau filamu na kisa cha meli kingebaki kwetu. Alicheza vizuri mno, kwa hiyo mgeni anashuka Kigoma anaitazama Liemba na anachokiona ni sura yake. Si vibarua wa 1915, si mabaharia walioiendesha miaka yote hiyo. Kwetu ni kawaida. Ukisoma Kigoma kwenye vitabu unasoma wapita njia: Burton na Speke wamefika 1858, Livingstone na Stanley wamepeana mkono Ujiji 1871. Hawa angalau walifika. Huyu hakufika na bado tunamtaja bandarini. Na wanaomtaja ni sisi wenyewe, mimi wa kwanza.

Kipindi kilichofuata nilibadilisha. Nikawapa vijana kazi ya nyumbani: nendeni mkaulize, nani kwenu aliwahi kupanda Liemba, alikuwa anaenda wapi, alibeba nini. Nilipata karatasi 41. Kuna mmoja babu yake alikuwa anatia kuni na makaa kabla meli haijawekewa injini za dizeli miaka ya 70. Ameeleza joto la chumba kile kwa mistari minne ambayo sijaona kwenye kitabu chochote. Hizo karatasi ninazo hapa, nitaziandikia siku nyingine, kwa ruhusa yao.

Hepburn aliendelea. Oscar tatu nyingine alizipata akiwa amevuka miaka 60: kwa filamu ya 1967, ya 1968, na On Golden Pond ya 1981, na idadi hiyo ya nne ni rekodi ya waigizaji. Kuchukua hakwenda hata mara moja. Televisheni nayo alicheza, Love Among the Ruins ya 1975 ikampa tuzo ya Emmy. Alifariki tarehe 29 Juni 2003 akiwa na miaka 96.

Jioni ya mwisho kabla sijapanda treni nilimwekea Bibi hiyo sinema, sebuleni, sauti chini maana Kiingereza hakimhusu. Alicheka sana pale Rose anapomwaga chupa za pombe za yule mwanamume mtoni, moja moja. Halafu akanyamaza, akasogea karibu na kioo. "Huyu mama mgonjwa," akasema. "Mtazame mashavu." Nilikuwa sijamwambia lolote. Nikamsimulia habari ya maji, ya kuhara damu, ya ndoo. Akauliza kama alikuwa na watoto, nikasema hapana. Akauliza nani basi alimuuguza huko porini, nikasema mke wa Bogart alikuwepo, alikuwa anawapikia na kuwatazama wagonjwa.

"Na maji ya kuoga," Bibi akasema, "alikuwa anachotewa na nani?"